Seva Iliyosema Imehifadhi

Biharamulo, Jumanne

Eti "imehifadhiwa". Neno hilo limenichefua mchana kutwa.

Mama Editha, muuguzi wa zahanati kule Nemba, alituma faili la mgonjwa kwenye seva yetu hapa hospitalini. Diski ilikuwa imejaa. Seva ikaandika nusu, nusu ikaitupa, kisha ikamjibu kwamba imehifadhi. Nusu iliyopotea ndiyo iliyosema penisilini iliwahi kumfanya mgonjwa azimie.

Daktari akasoma kilichokuwepo, akaagiza sindano ya penisilini.

Kilichomwokoa mgonjwa ni simu. Mama Editha hampeleki mgonjwa mahali bila kupiga kumjulia hali. "Daktari, nimepiga tu kumsalimia mgeni wangu. Ile penisilini mmeona haipatani naye, eh?" Sindano ilikuwa imeshajazwa.

Nimerekebisha. Nafasi isipotosha, seva ikatae faili lote na iseme wazi, kwa maandishi mekundu. Mkuu wangu analalamika kwamba ujumbe mwekundu utawaudhi watumiaji.

Waudhike!

Jioni nilipita wodini. Yule mama mgonjwa alikuwa anakunywa uji. Akaniuliza mimi nafanya kazi gani hapa. Nikamwambia natunza mafaili.

"Asante kwa kazi, mwanangu," akasema.