Jerbera Lako na Yule Mbuzi

Mama Anaeli,

Shikamoo. Najua nimekuzidi miaka sita, lakini aliyetangulia huko ndiye mkubwa sasa, basi itikia.

Hapa Elerai mimi mzima, ila dirisha la jikoni limenishinda. Nalifunga, nikiamka nalikuta wazi kidogo, vile ulivyokuwa ukiliacha ili ua lako lipate hewa. Nimebadilisha komeo. Bado. Nakwambia haya bila kucheka, na unajua mimi hucheka hata kanisani.

Sasa sikiliza. Siku ile hospitali ulinishika mkono ukauliza, "Baba Anaeli, jerbera langu limekunywa maji?" Nikakujibu limekunywa, tena limetoa maua matatu. Ukatabasamu. Kesho yake ukaenda.

Nilikudanganya. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua mbuzi wa kukupokea ukiruhusiwa. Nikamfunga uani, na kopo la ua nikaliweka hapo hapo lipate jua. Nikaenda kuonja pombe ya mbege. Kidogo tu. Kurudi, mbuzi amekula majani, amechimbua mizizi, amebakiza tumba moja kama kifungo cha shati. Mbuzi huyo tulimla msibani kwako. Mchungaji aliongeza mchuzi mara mbili.

Upendo, binti wa dada yako, yule wa maabara ya maua kule Usa River, alilifunga lile tumba kwenye kitambaa kibichi akaenda nalo. Nilimcheka. Tumba halina mzizi, litaota nini? Akalikata vipande kama punje za mchele, akavitia kwenye chupa zenye uji mgumu wa sukari na dawa. Wiki nyingi yalikuwa mavimbe tu, kama chunjua. Halafu chunjua zikatoa majani. Mama Anaeli, nilikwenda kuziona, chupa zimejaa rafu nzima, na mimi sikuweza kusimama mbele ya rafu hiyo.

Nikamuuliza kama hao ni watoto wa lile ua.

"Hapana, baba mkubwa," akasema. "Ni lile lile. Mwili wake haukufa, umeendelea tu."



Juzi amenipa mche mmoja, umeshazoea udongo, una tumba. Nimeuweka mezani, na nikila naupa mgongo. Jumamosi napanda basi nao mpaka kaburini kwako Machame, niuzike mizizi kichwani pako. Nitabeba na jani la isale, maana kwetu aliyekosewa akiletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Wengine huenda na mzee wa kuwasemea. Mzee ni mimi mwenyewe, nitajisemea. Sijui tu wewe utalipokea kwa mkono gani.

Kwaheri, mke wangu. Sitakudanganya tena, naahidi. Ua likichanua hapo kaburini mtakuwa wawili, mna siku nzima ya kuongea, na kama ni lile lile, basi lilikuwepo siku ya mbuzi. Nimeona bora uyasikie kwangu kwanza.

Baba Anaeli