Kifaa cha Kusomea cha Baba na Barua Zako Saba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, ni miguu tu inamsumbua kidogo, na wanangu wanakula kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Usishtuke kwa unene wa bahasha. Nitakueleza kilichomo, ila nakuomba usome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama ilivyo tabia yako.

Ulinituma nimchagulie Baba kifaa cha kusomea vitabu, nivilinganishe vizuri, nisiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nimevilinganisha na nimechagua. Lakini yaliyonikuta katika kuchagua, mdogo wangu, wiki nzima imepita na bado sijayazoea.

Tulikwenda dukani mimi na yeye Jumamosi ya wiki iliyopita. Alivaa koti lake la kazini, lile la mifuko minne, na kalamu nyekundu kifuani, utadhani bado ni msahihishaji pale kiwanda cha uchapaji. Dada wa dukani, mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi, akatuwekea mezani vifaa vitatu vya kujaribia.

Cha kwanza ni kidogo, kinaingia mfukoni, na kina vitufe pembeni vya kufungulia kurasa. Nilikipenda kwa vitufe hivyo, ila mwanga wake ni mweupe mno, kama uko kwa daktari wa meno. Cha pili ndicho wanachonunua watu wengi. Mwanga unaweza kuufanya wa manjano, maji hayakidhuru, chaji inakaa wiki kadhaa, na kioo chake hakirudishi mwanga wa dirishani, ungeapa ni karatasi. Kasoro yake, ukiegemeza kidole tu, kurasa tano zimeshapita. Cha tatu kipana kama sinia la chai, kizito, na ukitaka kinakusomea kwa sauti ya yule mtu anayetangaza kwamba basi limechelewa. Moyoni nilikuwa nimeshachagua cha pili.

Dada akasema amevifungua vyote kwenye hadithi moja, ile ya mvua ambayo Baba aliisahihisha akiwa kijana na hajaacha kuisifia. Baba akashika cha pili, akakiweka umbali wake ule wa siku zote, akasoma kwa sauti: "Mvua ilinyesha siku saba mfululizo, na siku ya nane, mlango ukagongwa." Akatuambia kwamba ile koma ya pili aliipigania yeye mwenyewe, karibu afukuzwe kazi. Akafungua ukurasa, akaendelea kusoma vizuri kabisa, na vituo vyake vyote.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Kabla ya kuchaji, hakikisha waya umekauka. Ukurasa uliofuata ulikuwa picha ya plagi.

Dada wa dukani alicheka, akidhani mzee anatutania. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. Nilikichukua kile kifaa mkononi mwa Baba, naye akakiachia bila kuuliza kwa nini, na hapo nikajua kwamba amejua nimejua.

Tulikaa kwenye benchi nje ya duka. Akaniambia, huku akitazama barabarani, "Mwaka wa pili sasa, mwanangu. Nikiitazama herufi, inatoweka. Nikitazama pembeni yake, inarudi kidogo." Mwaka wa pili. Na mimi ni muuguzi, Kitinda. Kila Alhamisi nasimama na fimbo mbele ya kibao cha herufi nikiwapima macho watu nisiowajua, halafu narudi nyumbani kula na baba yangu na sioni kitu.

Daktari wa macho tulimwona Jumatatu. Anasema kilichoharibika ni katikati ya jicho, pembeni kuko salama, ndiyo maana Baba anatembea bila kujikwaa na anamimina chai bila kumwaga tone. Kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki anaweza kukilinda kwa dawa. Nashukuru kwa hilo, ingawa siku ile sikuweza hata kushukuru.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizungukia kurasa mbili. Tulipotoka dukani, Mama aliposikia, hakulia wala hakumlaumu mtu. Alivuta kiti cha jikoni, akakaa, akamwuliza Baba swali moja: "Na zile barua?"

Mdogo wangu, barua zako. Ulikuwa ukiandika juu ya bahasha "Kwa Baba peke yake," nasi tuliheshimu. Alikuwa anazifungua kwa kisu, taratibu, anasimama dirishani, kisha anatusomea kidogo: hajambo, anawasalimu wote, baridi ni kali, kazi inaendelea. Kila mara yale yale, na sisi tukasema Kitinda amekuwa mvivu wa habari. Alikuwa anatunga. Anasema alitegemea kwamba lolote zito ungelisema kwenye simu. Nawe kwenye simu ulikuwa unamwuliza tu kama barua imefika, naye anakujibu kwamba imefika, ameisoma na amefurahi.

Amefurahi. Kwa ruhusa yake nilizisoma zote saba mezani jikoni, na nilipofika ya tatu ilibidi nisimame ninywe maji. Kumbe shemeji aliondoka tangu mwaka jana. Kumbe kazi iliisha, na unalala sebuleni kwa mtu. Kumbe katika barua nne mfululizo ulimwuliza Baba swali lile lile, kama anaweza kukupokea ukirudi mikono mitupu, baada ya kuondoka kwa ugomvi. Miezi kumi na minne unasubiri jibu, na unachojibiwa ni kwamba mzee amefurahi. Sijui ulikuwa unalalaje. Na juu ya yote hayo ukakumbuka macho yake yamezeeka, ukasema anunuliwe kifaa. Nimelia kwa hilo kuliko mengine yote.

Nilikupigia mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za baridi. Nisamehe. Baba naye alinikataza nisimsemee, alisema aliyeandikiwa ni yeye.

Jumanne nilirudi dukani, nikachukua cha tatu, lile sinia. Herufi zake zinakuzwa mpaka maneno matatu yanajaza kioo kizima. Nikapiga chapa barua zako zote na kuziingiza humo. Nilimwonyesha ile sauti ya kusoma, akasema izimwe, barua ya mwanawe hasomewi na mashine.

Jana alianza baada ya chai ya asubuhi na kumaliza karibu na saa saba mchana, barua moja tu, ile ya mwisho. Anageuza kichwa kama kuku anayetazama punje, anapata neno, anapumzika, anapata jingine. Alikuta kosa moja la herufi, la kwangu, akaniita nijieleze. Mama alikaa karibu naye muda wote, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Alipomaliza aliomba karatasi. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imekauka zamani bila mtu kujua, nikampa kalamu nene ya kuandikia maboksi ya dawa. Anaandika kwa ukubwa anaoweza kuona, kwa hiyo ni neno moja kila karatasi, tena karatasi ngumu ili wino usipenye, na ndiyo unene wa bahasha.

Chumbani kwako nilikuwa nimeweka cherehani yangu na magunia mawili ya nguo kuukuu. Nimeviondoa leo asubuhi.

Mama anakusalimu na anauliza kama bado una lile blanketi la kijani. Shangazi anakusalimu, hajaambiwa kitu, maana unamjua mdomo wake. Wanangu wanakusalimu. Bahasha hii anakuletea muuguzi mwenzangu, atakukabidhi mkononi. Mwenyezi Mungu akutangulie kila unapokanyaga na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayeona aibu,
Mkubwa wako.

Karatasi za Baba nimeziandika namba kwa nyuma, lakini zikichanganyika njiani, mpangilio wake ni huu: Njoo. Mwanangu. Nilikuwa. Sioni.