Mkono wa Mama Mkwe

Mumbuni, Machakos
Jumatatu, 15 Oktoba 2001

Kwa shemeji yangu mpendwa Mulwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako Wayua. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limetulia au limeng'olewa. Sisi hatujambo. Tumbo la Wayua limekuwa kubwa, anatembea akishika kiuno na kunilaumu kwa kila kitu, hata mvua kuchelewa. Mama yenu naye ni mzima. Ni mzima kupita kiasi, shemeji, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo badala ya kukungoja.

Najua umepanga kuja mwisho wa mwezi umrudishe Mama kwake Kithyoko. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujakodi gari. Ukiishia katikati utanichukia, maana kuna jambo limetendeka na sitaki ulisikie kwa wambea.

Unaikumbuka ile pikipiki yangu ya magurudumu manne, niliyonunua watu wa mradi wa maji walipofunga ofisi? Uliniuliza kama ni trekta iliyozaliwa kabla ya siku zake. Cheka tu. Kila Jumamosi naifanyia sevisi mwenyewe hapa uani. Namwaga oili kuukuu injini ikiwa bado ina joto, naosha sponji ya kuchuja hewa kwa sabuni, naangalia maji ya betri, natia grisi kwenye viungo, najaza upepo, nakaza mnyororo. Wayua anasema kama ingewezekana ningeilipia mahari. Wakati huo Mama hukaa kwenye baraza ya chumba chake, uso ameugeuzia upande mwingine asinitazame. Unajua alivyo na nthoni za kizamani, ile heshima ya mkwe na mama mkwe kuepukana. Siku hizi wakwe wengine wanakula meza moja na mama wakwe zao, lakini sisi tangu nimwoe Wayua hatujapeana hata mkono, na maneno yetu yote hupita kwake.

Sasa magoti yamemzuia Mama kwenda kanisani. Kanisa liko ng'ambo ya korongo na hakuna gari linalofika. Jumapili moja mwezi wa nane nilimwona amevaa nguo zake za kanisani, kitambaa cheupe kichwani, ameketi kwenye kigoda anaisikiliza kengele. Hakuwa anakwenda popote. Alizivaa tu. Iliniuma sana, na uchungu ukanipa ujinga. Nilimwambia Wayua amwambie Mama apande nyuma yangu na anishike kiuno kwa nguvu, nimpeleke.

Shemeji! Mama mkwe amkumbatie mkwewe mbele ya kanisa zima! Neno lilikuwa limeshatoka na halikumezeka tena. Wayua aliangusha sufuria. Mama alijifunika leso, akaingia ndani, na hakula mpaka kesho yake. Ndipo akakutumia ujumbe kwamba baridi ya Mumbuni imemshinda na anataka kurudi kwake. Baridi haina hatia, shemeji. Aliyemfukuza ni mimi, na Wayua alilia kwa sababu anataka kujifungua mama yake akiwa karibu. Yeye mwenyewe kwa hali yake hawezi kuendesha ile mashine.

Jumamosi iliyofuata nikawa nafanya sevisi nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Nilipoiwasha, Wayua akaniita kutoka mlango wa jikoni kwamba Mama anauliza hicho kitu kinakohoa nini. Nikamjibu ni vumbi. Wayua akarudi na jibu kwamba si vumbi, kina kitu kooni. Nilikuwa nimesahau kuwa Mama na marehemu baba yenu waliendesha mashine ya kusaga pale Kithyoko. Nikafungua bomba la hewa lililo nyuma ya ile sponji, ambalo sikuwahi kulifungua, na ndani nikakuta kiota cha panya kilichojengwa kwa soksi yangu niliyoitafuta tangu Pasaka. Nilicheka peke yangu, na kwenye baraza nikasikia mtu mwingine akikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Kuanzia hapo maswali hayakuisha. Kinasimamishwa na nini? Mafuta yanafinywa wapi? Mguu unafanya kazi gani? Nami nilimjibu Wayua, kwamba hiki hakina klachi, kwamba mafuta unafinya kwa kidole gumba, kwamba breki ziko mikononi. Wayua naye akamrudia mama yake neno kwa neno, na mama yake yuko hapo hapo na amesikia yote. Nilidhani anajipumbaza tu ili apunguze hasira.

Juzi Jumamosi, kabla sijamaliza sevisi, ikaja amri. Niache ufunguo, niweke kreti ya soda kando ya pikipiki iwe ngazi, kisha nikasimame nyuma ya tangi la maji nikitazama ukuta. Nilitii. Nikasikia injini ikinguruma, kuku wakitawanyika, Wayua akipiga kelele halafu akicheka. Unajua mateso ya kusikia pikipiki yako ikiendeshwa na huruhusiwi kugeuka? Ilizunguka uani mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha, nimeshika ukuta.

Na jana, shemeji, Mama aliendesha mwenyewe kwenda kanisani. Ndiyo, Mama yako! Kitambaa cheupe kichwani, leso imefungwa magotini, mgongo umenyooka. Mimi nilimfuata kwa miguu, mbali kama inavyotakiwa, Biblia kwapani na jasho likinitoka. Watoto walimkimbilia. Munyiva wa duka aliacha sukari ya mteja kwenye mizani akatoka nje kutazama. Mama hakugeuka kumwangalia mtu. Aliteremka korongo polepole kama mtu anayeshika mtoto, akaanza kupanda ng'ambo ya pili, na pale katikati ya mlima mnyororo ukatoka.

Kosa ni langu. Kwa msisimko wa Jumamosi sikuukaza. Mama akawa amekaa pale juu, breki ameshika, magoti hayamruhusu kushuka, na kengele inalia. Mimi nimesimama mbali natazama miti. Wayua hayupo. Nani atabeba maneno?

Sasa nafika kwenye jambo ninalopaswa kukiri mbele yako. Mama aligeuza uso, akaniangalia na kuniita kwa jina langu. Akasema, "Muema, mwana wakwa, kuja urudishe huu mnyororo. Mungu hatangoja Wayua ajifungue ndio tuongee."

Nilikwenda. Nilipiga magoti karibu kabisa na kiatu chake, nikawekea magurudumu mawe, nikaurudisha mnyororo meno kwa meno na kuukaza. Niliposimama alikuwa amenyoosha mkono. Nilimwonyesha mikono yangu, myeusi mitupu, grisi mpaka kwenye kucha. Aliuchukua wa kulia hivyo hivyo, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akasema asante mwanangu. Nililia, Mulwa, mlimani, mchana kweupe, na sioni haya kukuambia. Kisha akawasha, akaenda zake, na akina mama walipompokea kwa vigelegele aliwapungia mkono ulio mweusi kwa grisi.

Kwa hiyo ujue kwamba nimeshika mkono wa mama yako bila wazee na bila mbuzi wa kuondoa nthoni. Mtoto wa kiume wa nyumba ile ni wewe, nami nakuomba radhi. Mbuzi nimeshamnunua leo asubuhi. Tatizo ni kwamba Mama anasema aliyeanza kunyoosha mkono ni yeye, hivyo kumtoa mbuzi ni juu yake, na ameniambia hayo mwenyewe, uso kwa uso, bila kumtuma mtu.

Ile mizigo aliyokuwa ameifunga kwa safari ya Kithyoko ameifungua. Nguo zimerudi kwenye kabati, na amemwambia Wayua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemkanda mjukuu.

Msalimie sana Kamanthe na watoto wote. Mwisho wa mwezi njoo kama ulivyopanga, ila gari usikodi. Mbuzi amefungwa nyuma ya tangi, anakula mboga za Wayua, na hatuwezi kumchinja mpaka ufike uamue ni wa nani.

Ni mimi shemeji yako mwenye furaha,
Muema