Likizo Kando ya Fundi Bati

Jumanne, 2 Julai 1974

Nyundo tangu alfajiri. Jirani yetu, Fundi Ramadhani, anatengeneza koroboi na ndoo za bati uani kwake, na kati yetu kuna ua wa miti tu. Nimejifunika blanketi gubigubi. Wapi. Likizo yangu ya kwanza tangu nianze kuendesha lori la serikali, na silali.

Kwetu Iguguno hatuendi. Wazazi wamehamishiwa kijiji kipya, bado wanajenga, hakuna pa kulaza wageni. Tupo hapahapa Singida mjini. Upepo, vumbi, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada.

Binti yetu Neema ananipa shikamoo kila anaponikuta. Hata nikitoka chooni. Ana miaka minne.

Jumatano, 3 Julai

Leo nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda kwa fundi, nikamwambia niko likizo, nataka kupumzika. Salamu sikutoa, naye ni mtu mzima sawa na baba yangu. Akaweka nyundo chini.

"Sawa, bwana dereva. Pumzika."

Kimya mchana kutwa. Nimelala fofofo. Naamka, Neema analia. Mke wangu Salome akanieleza huku anachekecha unga. Yeye akienda kupanga foleni duka la ushirika, mtoto hushinda kwa fundi. Ana kinyundo chake kule, ana vipande vyake vya bati. Leo amerudishwa, ameambiwa baba amelala.

Sikujua. Nimeona aibu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimempa fundi shikamoo, nimemwomba radhi. Akacheka, akaniwekea kigoda. Nyundo zimeanza tena. Afadhali.

Ijumaa, 5 Julai

Tumekwenda ziwa Singidani kwa miguu, mimi ndiye nimesema twende. Salome amevaa kanga mpya. Tangu nimuoe anaishi karibu na ziwa hili na hajawahi kukaa kando yake. Hakuwa na wa kwenda naye. Amelisema hilo bila kulaumu. Bora angelaumu.

Mawe makubwa, maji ya magadi, ndege heroe wengi kwa mbali. Nikambeba Neema tuvuke mawe. Akalia mpaka akapaliwa. Alimtaka Babu Rama, fundi wake. Nikampa mama yake, nikaenda kukaa pembeni, najifanya natazama ndege. Imeniuma sana.

Tukiwa tunarudi akaniuliza, "Wewe unalalaga wapi?"

"Kwenye gari."

"Huogopi?"

"Naogopa."

Akafikiri. Kisha akanipa mkono, tukatembea hivyo mpaka nyumbani.

Jumamosi, 6 Julai

Siku nzuri. Neema amenifuata sokoni. Karanga amekula kutoka kiganjani mwangu. Mama mmoja wa mtaani alitukuta njiani akamwuliza huyu ni nani, naye akasema baba. Amelisema kawaida tu. Nimemwahidi kesho nitamweka mabegani, aone ngoma za Saba Saba.

Jioni amekuja msimamizi wa gereji. Kuna familia za kuhamishwa upande wa Issuna, dereva wao anaumwa. Aliuliza vizuri kabisa kama naweza kukatiza likizo.

"Kama una shida nyumbani, sema. Nitatafuta mwingine."

Nikasema sina shida.

Yalinitoka tu, kama ninavyojibu siku zote. Salome alikuwa mlangoni. "Ungesema una mtoto," akaniambia, akaingia kunipangia nguo. Ningeweza kumkimbilia yule bwana barabarani. Nilisimama palepale mpaka vumbi la gari lake likatulia. Najichukia.

Jumapili, 7 Julai

Niko Ikungi, njiani kwenda Issuna. Lori limeegeshwa, nasubiri karani wa safari. Baridi.

Asubuhi Salome amenifungia viazi vitamu. Fundi Ramadhani amesema yeye atampeleka Neema kwenye ngoma. Nimemshukuru. Roho imeniuma, lakini nimemshukuru.

Neema amenisindikiza mpaka kwenye gari. Hakulia. Amefunga mikono nyuma, amenyooka kama alivyofundishwa kuaga wakubwa.

"Karibu tena," akaniambia.

Salome akageukia ukutani.

Nikasema asante. Nikapanda, nikawasha gari.