Fomu Niliyokuwa Nikikusainia

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumatano, tarehe 11.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wetu wa tangu utotoni,

Salamu kwanza, maana hasira haijanisahaulisha kwamba sisi ni wa tumbo moja. U mzima? Kile kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo, ila goti la Mama limevimba tena, nami shingo imekakamaa kwa kuinamia sare za shule tangu asubuhi. Haya, salamu zimeisha. Sasa kaa chini.

Unajua nyumba hii ni ya benki mpaka tumalize kuilipia. Mwezi ujao riba inapanda, na sare zote ninazoshona hazitatosha. Ndiyo maana nilikwenda benki nyingine kuomba mkopo wenye riba nafuu, wa kulipia ule wa zamani. Nikavaa gauni langu la kijani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa tatu nzima.

Afisa mikopo, mama mmoja mpole, alizifurahia karatasi zangu mpaka alipofika kwenye mkopo wako wa masomo. Si nilikudhamini? Nikamjibu kwa mbwembwe, kama ulivyonifundisha, "Huo umelala. Umeahirishwa, hatulipi chochote." Akanitazama kwa huruma. Kumbe mkopo ukiwa haulipwi, benki hupiga hesabu ya deni zima, na kukata fungu nono kwenye kipato changu kana kwamba nalitoa mfukoni kila mwezi! Ungekuwa unalipwa hata kidogo, wangehesabu hicho kidogo tu, nami ningepita. Amenipa mpaka tarehe 30 nimpelekee ushahidi kwamba umeanza kulipa. Baada ya hapo, basi.

Sasa nikuulize kuhusu ile picha uliyomtumia Mama, umeshika keki. Mama aliniomba niikuze kwenye simu aione sura yako vizuri. Nikaikuza. Shingoni una kitambulisho cha kazi, bwana wee! Kimeandikwa Mhandisi. Tangu lini? Mwaka mzima unaniimbia, "Dada, bado natafuta, nisainie tena ile fomu ya kuahirisha." Nami, mjinga wa mwisho, nikasaini. Umenichezea shere, mimi niliyekufulia nepi! Hukuona haya hata kidogo?

Wala sijisafishi. Nilifungua faili langu mbele ya yule mama nimwonyeshe nakala. Fomu nne, miaka minne, saini zote zangu. Nilikuwa nikiulaza mkopo huo kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani nakupunguzia mzigo. Niliporudi nilimkaripia Mama kwa sababu ya kifungo kimoja cha sare alichokosea kushona, na hadi leo najuta.

Mama hajui lolote kuhusu kazi yako. Nimemwambia mkopo umekwama kwa kuwa nilichelewesha karatasi. Juzi, akishona vifungo, akaniuliza tukihama atapata wapi dirisha lenye mwanga wa kutungia uzi kwenye sindano. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Fomu ya mwaka huu ya kuahirisha imefika. Nimeikata, ndiyo kipimo changu cha kukatia kola za sare sasa. Humu ndani ya bahasha kuna fomu nyingine, ya kuanza kulipa. Inataka saini yako na barua ya mwajiri wako, huyo uliyemficha. Mahali pa kusaini nimepazungushia wino mwekundu. Kalamu nayo nimekuwekea, usije ukaniambia hukuwa nayo.

Shangazi anakusalimu. Mjomba fundi bomba anauliza kama simu yako ilizama majini. Mama anakuombea asubuhi na jioni, na ile picha ameiweka kwenye simu yake, kila mteja lazima aione. Yeye haoni kitambulisho, anaona umenenepa tu, na anashukuru.

Mungu akulinde, akuzidishie afya, na akutie haya.

Akupendaye bado, lakini mwaka huu hasaini,
Dada yako.