Viti vya Wabanguaji

Newala, Jumanne

Na bado akacheka!

Kiwanda hiki cha korosho kiliniajiri nisimamie usawa wa kijinsia baada ya wanawake wanaobangua kugoma. Miezi minne namwomba meneja akae nao, awasikilize. Kikao kimefanyika leo, saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Newala nzima inajua wanawake wako wapi: kwenye foleni ya maji.

Tulikaa wanaume saba na mimi. Meneja akavitazama viti vitupu, akacheka. "Umeona, madamu? Tumewaita, wenyewe hawataki."

Shenzi.

Saa moja akaingia Mama Somoe, msemaji wa wabanguaji, anahema, kanga imelowa begani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimewahi?"

Muhtasari ulishaandikwa: wanawake walialikwa, hawakuhudhuria. Nilitaka kuuchana palepale, mbele yao. Kisha nikakumbuka kwamba ile ratiba ya kikao, na saa yake, ilipita mezani kwangu wiki iliyopita, nikaitia sahihi bila hata kuwaza.

Mimi maji naletewa mlangoni.