Depo Chirurgienne na Binti Asiyetaka Kisu

Mama Simone mpendwa, kila Jumatano hukusikiliza ukishauri watu kwenye redio yangu ya hapa kaunta, na leo nimeona nami nikuandikie, unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo sherehe ya binti yangu kumaliza chuo na nikikosea nitaharibu sherehe na kumpoteza mtoto siku hiyohiyo.

Mimi ni Jérôme, Mnande wa Butembo, nauza kwa jumla hapa Makiso, chumvi, sabuni, mafuta, misumari, ndala, betri, mtu akikosa kitu kwangu basi hakijafika Kisangani, na kati ya watoto wangu watano msichana ni mmoja tu, Victoire, ambaye mwaka huu amemaliza masomo ya udaktari, Mungu asifiwe, na tangu alipoingia chuo mimi nilikuwa namwambia kila mteja kwamba huyu atakuwa daktari wa kupasua, chirurgienne, hata sikumuuliza mwenyewe, nikamwita mchoraji Israël akaandika juu ya mlango kwa herufi nyekundu DEPO CHIRURGIENNE na pembeni akachora kisu kidogo, basi watu wakaacha kuniita Jérôme, wakaniita Papa Chirurgien, hata padre, hata vijana wa toleka wanaoniletea wateja kwa baiskeli zao, na sikufichi, Mama, hilo jina nililipenda kuliko la ubatizo.

Sasa wiki mbili zilizopita tuko mezani, mke wangu Kanyere amepika lituma ya ndizi na makayabu, samaki wa chumvi, Victoire akasema, "Papa, miye sitaki kupasua batu. Niko nataka kusoma radiologie, na mule ndani nichague ya batoto." Nikamwambia, "Donc miaka yote hii umesoma ili ukuwe mupiga picha?" Akasema hapana, anayepiga picha ni fundi wake, daktari wa radiolojia ndiye anayeisoma na kusema ugonjwa uko wapi, na wenyewe wamegawana kazi, kuna wa kichwa na uti wa mgongo, kuna wa mifupa na viungo, kuna wa matiti ya akina mama, kuna hata wanaotibu kwa sindano huku wanaangalia kwenye skrini, na yeye anataka watoto. Mama Simone, nilikasirika kama mfanyabiashara, maana duka likikua linaongeza bidhaa, na huyu amesoma mwili mzima kuanzia nywele mpaka kucha halafu anataka kubaki na bidhaa moja, nikamwambia huko ni kufunga depo ukafungue kibanda cha viberiti.

Akanisimulia habari ya mtoto mmoja wa wavuvi wa Yanonge aliyeanguka kutoka kwenye mtumbwi, picha ya mkono ikaonyesha mstari kwenye mfupa, daktari akasema umevunjika, plasta ikaanza kulowekwa, mwalimu wao mmoja aliyesomea picha za watoto akapita, akaomba mkono wa pili nao upigwe, na mstari ukawa uleule, kumbe hapo ndipo mfupa wa mtoto unapokulia, mtoto akarudi nyumbani na kitambaa tu na dawa ya maumivu. "Papa, siku ile nilijua kazi yangu," akasema, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka mezani.

Nimealika parokia nzima, hotuba iko tayari, nimewaza nimtambulishe kama chirurgienne tu, mengine yatajulikana polepole, lakini Victoire amesema, "Papa, ukisema vile mbele ya batu, natoka, na sitarudia tena kwa hii nyumba." Na huyu ni Mnande kama mimi, akisema amesema. Kanyere yuko upande wake, na mdogo wangu Liévin pia, kwa sababu mwaka jana Liévin alijaa usaha kwenye ini, homa, tumbo kama ngoma, tukaanza kuulizana suti ya kumzikia, akaja daktari mmoja wa kike wa hizo picha, Annette, akamwangalia kwa eko, ile mashine ya picha isiyo na mionzi, akamwingiza sindano ndefu na kimrija, usaha ukatoka, na siku ya kumi Liévin akala samaki mzima peke yake. Mimi kwa furaha nikampelekea mbuzi chirurgien wa hospitali, alitaka kuniambia kitu nikamkumbatia asiweze kusema, na huyo Annette nilimwomba tu asogee kidogo ili nipige picha na chirurgien.

Niseme nini Jumamosi, Mama? Sahani zimeshakodiwa.

Papa Jérôme, Makiso

*

Papa Jérôme,

Barua yako ni ya furaha tupu na wewe umeiandika kama tangazo la msiba. Msichana wako amekuwa daktari! Nilipoisoma hapa studio tulipiga vigelegele mpaka fundi wa mitambo akatukatia sauti. Pole kwa wasiwasi. Bon, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Pikipiki yako ya mizigo ikigoma, unaipeleka kwa anayeuza chumvi na ndala? Unaisukuma mtaa mzima, jua linakuchoma, mpaka kwa yule mwenye vipuri tu, tena vya aina yako ya pikipiki, anayeijua skrubu kwa kuigusa gizani. Hujawahi kumwambia kwamba kibanda chake ni cha viberiti. Unamwita "chef" na unashukuru kumkuta. Sasa ini la mtu na mkono wa mtoto vinastahili pungufu ya pikipiki?

Yule daktari aliyesema mkono umevunjika hakuwa mjinga. Alizoea mifupa ya watu wazima. Mtoto anakua kila mwezi, na picha yake inabadilika naye, kwa hiyo kunahitajika mtu aliyekaa miaka anaangalia hizo tu. Huyo ndiye anayejua pia lini mashine ya mionzi ipunguzwe, na lini iachwe kabisa itumike eko. Na chirurgien wako unayempenda, unadhani anajuaje pa kupasua? Kabla hajashika kisu kuna mtu amemwonyesha mahali. Na mara nyingine mtu huyo anaangalia, anasema hapa kisu hakihitajiki, na mgonjwa anarudi nyumbani bila kushonwa. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, ulimwona Liévin akimaliza samaki.

Alors, tuje kwa mbuzi. Papa Jérôme, haki ya Mungu! Mwanamke amekurudishia ndugu yako, nawe unamwambia asogee asiharibu picha? Chirurgien wa watu alikuwa anajaribu kukuambia kwamba hakumgusa Liévin hata kwa kidole. Umemlisha mbuzi wa mwenzake kwa nguvu. Nimecheka, lakini nimeona aibu kwa niaba yako, na naamini sasa nawe unaiona.

Fanya hivi. Hotuba ichane leo. Mwite Victoire hapo kaunta, zima redio hata kama ninayesema ni mimi, umwombe akusimulie tena ya mtoto wa Yanonge, na safari hii usiondoke mpaka amalize. Halafu mwombe msamaha, kwa mdomo, usimtume Kanyere. Israël apande ngazi kabla ya Jumamosi, afute kisu na lile neno, aandike DEPO DOCTEUR VICTOIRE. Tafuta mbuzi mwingine, mnono, umpeleke kwa Daktari Annette wewe mwenyewe, na umwalike akae meza ya mbele. Piga naye picha. Atakayesogea ni wewe.

Jumamosi usihutubu kwanza. Mpe Liévin maikrofoni. Ainue shati mbele ya parokia nzima, padre akiwemo, awaambie watafute kovu la kisu. Watainama, watavaa miwani, na watakachokuta ni alama moja ndogo kama punje ya mchele. Hapo usimame, umshike binti yako mkono, useme kwa sauti ile unayoitia wateja, "Kazi ya namna hii ndiyo mutoto wangu anaenda kusoma, na yeye amechagua batoto benu."

Kisha kaa chini ule, Papa Victoire. Hilo jina nalo utalizoea.

Mama Simone